UKIONA KITU KIMOJA KAMA VIWILI: WEKA DAFTARI KABLA HUJAENDA ZAHANATI

Katika toleo hili tunazungumzia tatizo ambalo watu wengi hukaa nalo kimya. Unatazama ndoo moja bombani, unaona ndoo mbili. Unafikicha macho, bado ni mbili. Baada ya nusu saa zinarudi kuwa moja, na kesho yake unaamka mzima. Siku ya tatu tatizo linarudi tena. Kitaalamu hali hii inaitwa diplopia, lakini hapa tutasema tu kuona viwili viwili.

Ubaya wa tatizo hili ni kwamba linakuja na kuondoka. Unapanga foleni zahanati tangu alfajiri, na zamu yako ikifika macho yameshatulia. Mganga anamulika tochi, haoni kitu, unapewa dawa ya kutuliza maumivu na unarudi nyumbani. Huko nyumbani nako maneno yanaanza. Wengine wanasema unajisingizia ili usiende kuchanja kuni. Wengine wanasema umetupiwa jini. Wewe mwenyewe unaanza kujiuliza kama akili yako ni nzima.

Akili yako ni nzima. Ila ugonjwa unaokuja na kuondoka hauna shahidi isipokuwa wewe. Makala hii inakueleza jinsi ya kuwa shahidi mzuri, yaani kukumbuka tatizo linakuja saa ngapi, ukifanya nini, na linaondoka vipi. Inakueleza pia dalili ambazo hazingoji kuandikwa.

MACHO MAWILI YANAFANYAJE KAZI?

Kila jicho linavutwa na misuli sita midogo. Misuli hiyo inaamrishwa na mishipa ya fahamu mitatu kwa kila jicho, inayotoka kwenye ubongo. Ukitazama kitu, macho yote mawili yanageuka pamoja kama ng'ombe wawili waliofungwa nira moja. Kila jicho linatuma picha yake, na ubongo unaziunganisha kuwa picha moja.

Msuli mmoja ukichoka, au mshipa mmoja ukiumia, jicho moja linabaki nyuma kidogo. Hapo picha mbili hazilingani na ubongo unashindwa kuziunganisha. Ndipo unapoona watu wawili mahali alipo mmoja.

JARIBU HILI KWANZA

Siku utakapoona viwili viwili, usikimbilie kulala. Fanya jaribio hili la dakika moja. Funika jicho la kulia kwa kiganja bila kulibonyeza, utazame kitu kile kile. Kisha funika la kushoto.

a) Kama ukifunika jicho lolote kati ya hayo mawili unaona kimoja, tatizo liko katika ushirikiano wa macho. Chanzo kinaweza kuwa misuli, mishipa ya fahamu au ubongo.

b) Kama umefunika jicho moja na lile lililobaki bado linaona viwili, au linaona kitu na kivuli chake, tatizo liko ndani ya jicho hilo lenyewe. Linaweza kuwa mtoto wa jicho, kovu kwenye kioo cha jicho, ukavu, au kuhitaji miwani.

Jibu la jaribio hili ni miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo daktari wa macho atakuuliza. Ukifika nalo mkononi, umemwokolea kazi kubwa.

DALILI ZISIZONGOJA

Usiandike chochote, usingoje kesho. Nenda hospitali ya kambi mara moja, hata usiku, ikiwa kuona viwili viwili kumekuja pamoja na moja kati ya haya:

1. Kumeanza ghafla pamoja na maumivu makali ya kichwa.
2. Kope moja imedondoka ghafla, au mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko ya jicho jingine.
3. Mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, mdomo umekwenda upande, au maneno hayatoki vizuri. Hizi ni dalili za kiharusi.
4. Homa, shingo kukakamaa, kutapika au kuchanganyikiwa. Inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Anayeishi na virusi vya Ukimwi asidharau kichwa kinachouma siku nyingi, kwani homa ya uti wa mgongo itokanayo na fangasi au kifua kikuu inaweza kuanza polepole na kuvuta jicho pembeni.
5. Umeanguka, umepigwa kichwani, au umepata ajali ya pikipiki, hata kama ni siku chache zilizopita.
6. Umeumwa na nyoka. Sumu ya koboko na ya baadhi ya fira hulegeza misuli. Kope nzito na kuona viwili viwili ni miongoni mwa dalili za mwanzo, na baadaye pumzi nayo hushindwa. Usichanje, usinyonye sumu, usifunge kamba kwa kukaza. Mgonjwa atulie, abebwe haraka.
7. Una ujauzito wa miezi mitano au zaidi, au umejifungua karibuni, na kichwa kinauma sana au uso na mikono vimevimba. Inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba.
8. Unashindwa kumeza au kupumua vizuri.

Kama huna hata moja kati ya hizo, na tatizo linakuja na kuondoka, bado unatakiwa kwenda zahanati wiki hiyo hiyo. Daftari linaanza siku unayoona tatizo na linaendelea baada ya kumwona mganga. Halikupi ruhusa ya kukaa nyumbani.

CHANZO NA KICHOCHEO SI KITU KIMOJA

Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Chanzo ni ugonjwa wenyewe. Kichocheo ni kile kinachoufanya ujitokeze siku ile na saa ile. Kichocheo ni kama upepo: hauwashi moto, bali huukoleza. Mtu akisema "naona viwili viwili kwa sababu ya uchovu", amesema nusu tu. Wote tunachoka kambini, na si wote tunaona viwili.

Vichocheo vinavyojulikana ni hivi:

- Uchovu wa mwili na kukosa usingizi. Wapo watu wenye makengeza yaliyofichika tangu utotoni. Wakiwa na nguvu, ubongo unayazuia. Wakichoka, unashindwa na jicho linatoka nje ya mstari.
- Kazi ya karibu kwa muda mrefu, kama kushona, kusoma kwa kibatari, kuchambua mchele au kutazama simu.
- Homa na magonjwa mengine, malaria ikiwemo. Mwili dhaifu hauwezi kuficha kasoro.
- Pombe. Gongo na pombe nyingine hulegeza ushirikiano wa macho. Anayekunywa kila siku bila kula vizuri anaweza kupungukiwa vitamini B1, akaona viwili, akayumba na kusahau. Huyo anahitaji tiba ya haraka, kwani kulala tu hakutamponya.
- Dawa. Dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini zinaweza kuleta hali hii dozi ikizidi mwilini.
- Mwelekeo wa kutazama. Wengine huona viwili wakitazama mbali au pembeni tu, wengine wakitazama chini, kwa mfano wanaposhuka korongo.

Na vyanzo vikubwa ambavyo mganga atavitafuta ni kisukari, shinikizo la damu, kasoro ya tezi ya shingo ambayo wakati mwingine hutokeza macho nje, jeraha la zamani la kichwa, uvimbe kichwani, na ugonjwa wa misuli uitwao mayasthenia, ambao tutauona hapa chini.

DAFTARI LA MACHO

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ugonjwa nao ni hivyo hivyo. Ukiulizwa zahanati "tatizo linakuja mara ngapi?", ukajibu "mara kwa mara tu", mganga hana pa kuanzia.

Chukua kurasa za nyuma za daftari la mtoto, au hata kipande cha boksi. Kila mara tatizo linapokuja, andika mambo haya saba:

1. Siku na saa.
2. Nilikuwa nafanya nini, na tangu saa ngapi.
3. Vitu viwili vimekaa ubavu kwa ubavu, au kimoja juu ya kingine?
4. Jibu la kufunika jicho moja.
5. Limekaa muda gani, na limeondokaje: kwa kupumzika, kwa kulala, au lenyewe?
6. Jana yake nililala vipi, leo nimekula nini, nimekunywa nini, nimemeza dawa gani na saa ngapi.
7. Kuna kingine pamoja nalo: kope nzito, kichwa, kizunguzungu, taya au mikono kuchoka?

Andika pia siku ambazo tatizo halikuja. Wengi husahau hili, lakini ndizo zinazoonyesha tofauti. Kama Jumapili hujashona na hujaona viwili, hiyo ni habari.

Asiyejua kuandika asiogope. Chora jua linalochomoza, jua la utosi au jua linalozama, kisha uweke mistari kwa muda uliokaa. Mtoto anayesoma anaweza kukuandikia. Sisi wahudumu wa afya ya jamii tunaopita nyumba kwa nyumba tunaweza kukusaidia pia. Wiki mbili zinatosha kuanza kuona mwendo wa tatizo.

MIFANO MIWILI

Mifano hii tumeitunga ili uone daftari linavyosaidia.

Mfano wa kwanza. Tuseme kuna mama fundi cherehani. Daftari lake linasomeka hivi:

Jumatatu, saa 11 jioni. Nimeshona tangu asubuhi. Viwili, kimoja juu ya kingine. Nikifunika jicho moja, kinabaki kimoja. Kope ya kushoto nzito.
Jumanne. Mvua, sikushona. Hakuna.
Jumatano, saa 10 jioni. Nashona sare za shule. Viwili tena. Nimelala saa moja, vimekwisha.
Alhamisi, asubuhi naona vizuri. Jioni viwili, na taya limechoka nikiwa katikati ya kula.

Mtu angesema cherehani inamharibu macho. Lakini tazama: asubuhi mzima, jioni mgonjwa, akipumzika anapona, na sasa hata taya linachoka. Mwendo huu unamwambia mganga afikirie mayasthenia. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili inashambulia mahali ambapo mshipa wa fahamu unakutana na msuli, na hivyo msuli unaishiwa nguvu kadiri unavyotumika. Kwa watu wengi unaanzia machoni. Mwaka 1934 daktari Mary Walker wa Uingereza alionyesha kuwa dawa iitwayo fisostigimini inaweza kumrudishia mgonjwa nguvu kwa muda. Dawa ya ukoo huo huo, piridostigimini, inatumika mpaka leo.

Kushona kulikuwa kichocheo tu. Angeacha cherehani na kupoteza kipato chake bila kumwona mganga, ugonjwa ungebaki mle mle. Na kuna hatari nyingine. Mwenye mayasthenia anaweza kuzidiwa vibaya akipewa kwinini, au baadhi ya dawa za kuua bakteria kama jentamaisini na siprofloksasini. Kwa hiyo ni lazima aseme ugonjwa wake kila anapotibiwa malaria au kitu kingine.

Mfano wa pili. Tuseme kuna kijana mwenye kifafa anayetumia kabamazepini, na kwa miaka miwili hajasumbuka. Sasa daftari lake linaonyesha kuwa anameza dawa saa 12 asubuhi, saa 3 anaona viwili na kuyumba kama mlevi, saa 6 mchana hali imetulia. Kila siku ni hivyo. Nyuma ya ukurasa ameandika kuwa tatizo lilianza siku chache baada ya kupewa eritromisini kwa ajili ya kifua.

Hapa saa ndizo zilizotoa siri. Eritromisini huzuia kabamazepini isitoke mwilini haraka, ikazidi kwenye damu. Majirani wangemwambia atupe dawa zote. Angetupa, degedege la kifafa lingerudi, labda akiwa karibu na moto wa kupikia. Kwa daftari lile, mganga anaweza kumbadilishia dawa ya kifua au kugawa dozi upya. Usiache dawa ya kifafa kwa uamuzi wako mwenyewe, nenda ukaulize siku hiyo hiyo.

KUISHI NALO BILA KUUMIA

Uchunguzi unaweza kuchukua muda. Wakati unangoja, maisha yanaendelea: maji yachotwe, chakula kipikwe, mgao ukachukuliwe. Fanya hivi:

- Viwili vikija, simama au kaa chini kwanza. Usijaribu kukisia ndoo ya kweli ni ipi.
- Ukilazimika kutembea, funika jicho moja kwa kitambaa safi, au bandika plasta kwenye kioo kimoja cha miwani kama unayo. Picha moja itaondoka. Lakini fahamu kwamba kwa jicho moja hupimi umbali vizuri, kwa hiyo mtaro unaweza kuwa karibu kuliko unavyoonekana.
- Mtoto mdogo asifunikwe jicho bila maelekezo ya daktari. Jicho lake bado linajifunza kuona, na likifungwa ovyo linaweza kuzoea kutoona. Mtoto akianza makengeza au kuinamisha kichwa upande kila anapotazama, mlete.
- Usiendeshe baiskeli wala pikipiki mpaka uambiwe ni salama. Panga, shoka na sufuria la moto mwachie mwingine saa zile ambazo daftari limeonyesha ni mbaya.
- Kazi ya karibu ifanye saa zako nzuri. Fundi anayeona vizuri asubuhi ashone asubuhi, jioni apige pasi au apokee wateja. Kila baada ya nusu saa tazama mbali, pumzisha macho.
- Lala vya kutosha kadiri inavyowezekana, na uache pombe.
- Mwenye kisukari au presha ameze dawa zake na ahudhurie kliniki. Kisukari kikiumiza mshipa wa jicho, mara nyingi jicho hurudi lenyewe ndani ya miezi mitatu hivi, ila sukari inatakiwa idhibitiwe.
- Usiweke jichoni maji ya majani, mkojo, maziwa ya mama wala unga wa dawa yoyote. Usiazime miwani ya jirani.

Kwa ndugu wa mgonjwa: msimcheke. Anayeona viwili akipishana na mtu njiani anaweza kumgonga bila kukusudia, na akimimina uji anaweza kuumwaga chini. Mwenye kutaka kuombewa aombewe, hatumkatazi mtu imani yake. Tunachoomba ni kwamba maombi na zahanati viende pamoja, kwani mficha maradhi kifo humuumbua.

UKIFIKA KWA MGANGA

Beba daftari, kadi yako ya matibabu na dawa zote unazotumia, hata zile za dukani na za mitishamba. Anza na mambo matatu: tatizo limeanza lini, linakuja saa ngapi, na ukifunika jicho moja inakuwaje. Kama hamwelewani lugha, omba mkalimani usione haya. Kusema "macho yanauma" wakati ulitaka kusema "naona viwili" kunampeleka mganga njia nyingine kabisa.

Omba upimwe shinikizo la damu na sukari. Vipimo hivi ni rahisi, na vinaweza kufichua chanzo siku hiyo hiyo. Mganga anaweza kukuambia utazame juu bila kushusha macho kwa dakika moja au mbili, aone kama kope inashuka. Anaweza kukufuatisha kidole chake pande zote. Akiona haja, ataandika rufaa kwenda kliniki ya macho au hospitali kubwa nje ya kambi. Rufaa huwa na foleni, na anayepewa nafasi mapema ni yule ambaye hali yake inaeleweka kwenye karatasi. Daftari lako linasaidia hapo pia.

Kama macho yako yametulia siku hiyo, usirudi nyumbani umekata tamaa. Sema, "Leo hayaonyeshi, lakini haya hapa maandishi ya wiki mbili." Na kama siku nyingine tatizo litakukuta mchana, mpigie au mtume mtu amwite mhudumu wa afya wa kijiji chako aje aone kwa macho yake na aandike.

Ndugu msomaji, usitarajie kwamba kila daftari litaonyesha kichocheo. Wapo ambao baada ya wiki mbili hawaoni mwendo wowote, na hao nao wamejua jambo: kwamba tatizo lao halifuati uchovu wala chakula wala dawa. Mganga atatafuta kwingine. Nawe utakuwa umejua saa zako za hatari, ukapika na kuchota maji bila kuungua wala kuanguka.

Wasiosoma Kiswahili, tafadhali wasomewe makala hii na jirani. Mhudumu wa afya akipita mtaani kwenu wiki hii, mwonyeshe ukurasa wako wa kwanza.

Na mhudumu wa kujitolea wa afya ya jamii